Kwenda Kuposa Kumsenga na Begi la Kuzamia

Ndugu zangu wa gatini, tangu nirudi Tanga kila mmoja wenu ananisimamisha kuniuliza ilikuwaje nikashushwa kwenye basi kama mhalifu. Baba mdogo Stefano amekwisha kuwasimulia yake pale kwenye kahawa, na nasikia katika simulizi hiyo yeye ndiye aliyeniokoa kila mahali. Mimi naandika nilivyoyaona, ingawa mengine sikuyaelewa wakati ule na mengine sijayaelewa hadi leo.

Mnajua chanzo chake. Bwana Rajabu wa Kigoma alitaka mzamiaji wa kukagua boti yake ya abiria kwa chini, akalipia tiketi mbili za ndege, yangu na ya msaidizi. Na mnamjua Godeliva, yule muuguzi aliyenitibu sikio alipokuwa masomoni hapa Tanga. Kwao ni Kumsenga, wilaya ya Kibondo, mkoa huohuo wa Kigoma. Tukaona tuue ndege wawili: twende tukapose, kisha tufanye kazi ya boti. Msemaji wa ukoo wetu ni baba mdogo, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, kwa hiyo yeye akaandikwa msaidizi.

Dar es Salaam, mbele ya mizani

Tulikuwa na mabegi mawili. Langu lilikuwa na vifaa: vazi la mpira, jaketi la kuelea, mapezi, miwani, kifaa cha kupumulia na mipira yake, kisu, na ule mkanda wenye vipande vya risasi unaomfanya mtu azame asielee kama kifuu. Mitungi ya hewa Bwana Rajabu alisema anayo, risasi hana. Begi la baba mdogo lilikuwa na zawadi za ukweni: vitenge, shuka za kufuma, halua, na blanketi zito la mama mkwe, maana tuliambiwa Kibondo ni baridi mwezi wa sita.

Dada wa kaunta alilitazama begi langu kwenye mizani kama mtu anayesomewa habari ya msiba. Kila tiketi ilikuwa na ruhusa ya kilo ishirini. Langu lilikuwa limepita mbali, la baba mdogo limepita kidogo. Alipotaja bei ya kilo za ziada, baba mdogo alimwomba airudie, akidhani ametajiwa namba ya simu.

"Basi toeni vitu vizito mviweke kwenye mkoba wa mkononi," dada alisema. "Ule mimi siupimi."

Tukatoa mkanda, tukauweka kwenye mkoba wa baba mdogo, tukaenda kwenye ukaguzi. Mkoba ulipita kwenye mashine, mashine ikasimama.

"Mzee, humu mna nini?" afande aliuliza.

Baba mdogo amefundisha Kiswahili maisha yake yote. Ukimuuliza kitu anakupa jina lake.

"Mkanda wa risasi," alijibu.

Foleni iliyokuwa nyuma yetu ilirudi nyuma bila kuambiwa. Afande akasema kwa sauti ya chini sana, "Mzee, sogea pembeni. Mikono iache hivyohivyo."

"Mbona ni risasi ya kawaida tu?" baba mdogo alisema, naye ameanza kushangaa. "Kijana ndiye anayeivaa kiunoni."

Nikaeleza haraka kwamba ni madini, kama bati, kama shaba, ni uzito wa kuzamia. Afande akafungua mkoba, akatoa kipande kimoja, akakipima kwa kiganja.

"Kama timazi ya waashi," alisema.

"Ndiyo hiyohiyo, afande."

"Sasa hii haipandi na abiria. Mtu akimrushia mwenzake, ameua. Rudisheni kwenye begi kubwa."

Tukarudi kaunta. Dada akasema haiwezekani, kilo zimejaa, si alituambia tuweke mkononi? Tukarudi kwa afande. Nikamuuliza sheria inasemaje hasa. Akasema sheria ni usalama. Nikamuuliza dada sheria inasemaje. Akasema sheria ni kilo ishirini. Wote wawili walikuwa na haki, na mimi nilikuwa katikati nimekumbatia risasi, jasho linanitoka, watu wanatupita wanakwenda zao.

Mwishowe ni dada aliyetuonea huruma. "Vaeni," alisema. "Nguo mliyovaa hakuna anayeipima."

Nikaingia chooni nikavaa vazi la mpira chini ya shati na suruali. Baba mdogo akavaa koti lake, na juu ya koti sweta yangu, na juu ya sweta koti la mvua. Halafu tukayamwaga mabegi yote mawili sakafuni, tukagawa upya ili uzito ulingane: pezi moja huku, pezi moja kule, risasi pamoja na halua, blanketi pamoja na jaketi la kuelea. Nguo zilipungua, kilo zikakubali. Sijui mlishawahi kukaa Dar es Salaam na vazi la kuzamia chini ya shati. Mama mmoja tuliyekaa naye tukisubiri ndege aliniangalia usoni, akafungua pochi, akanipa dawa ya malaria.

Kigoma

Ilikuwa ndege ya mapanga, ndogo. Ilitua Tabora, ikashusha, ikapakia, ikaendelea. Kigoma tulishuka kwa furaha, tukasimama mahali pa mizigo. Mkokoteni ukaja, watu wakachukua vyao, ukabaki mtupu. Lilikuwa limekuja begi moja.

"Ndege ilikuwa nzito," kijana wa mizigo alitueleza kwa upole. "Mingine imebaki Dar. Itakuja na ndege ijayo."

"Ijayo ni lini?" niliuliza.

"Itakapokuja."

Baba mdogo akamsogelea. "Mwanangu, mimi nimefundisha shule. Nijibu kama mwanafunzi. Ni siku gani?"

"Jumatatu, mwalimu. Kama haitakuwa nzito."

Posa ilikuwa Jumamosi. Tukalifungua begi palepale kuona tumebaki na nini. Kifaa cha kupumulia kilikuwapo, na miwani, na kisu, risasi yote, pezi moja la kushoto, halua na kitenge kimoja. Blanketi, shuka, vitenge vingine, jaketi la kuelea na pezi la kulia vilikuwa Dar es Salaam. Ningefurahi kama wangetuletea zawadi zote au vifaa vyote. Lakini tulikuwa tumegawa wenyewe, kwa mikono yetu, nusu kwa nusu.

Bwana Rajabu alikuwa amesafiri, angerudi Jumatatu vilevile. Nilitaka kuacha vifaa nyumba ya wageni, nikashindwa. Mnanijua. Kitu kinachonipa pumzi chini ya maji sikiachi mikononi mwa mtu nisiyemjua. Nikasema begi tutakwenda nalo hivyohivyo.

Tulikula mgebuka wa kukaanga, samaki wa ziwa lile, na ugali wa muhogo. Baba mdogo akaulizia maharage ya nazi. Mama muuzaji akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Nazi ya nini, mzee? Hapa tuna mawese." Akaletewa maharage mekundu yanayong'aa, akayala yote huku akisema si mabaya, si mabaya.

Tukiwa bado mezani Godeliva akapiga simu. Sauti yake haikuwa ile ninayoijua.

"Elisha, baba amesema msije."

"Kwa nini?"

"Hasemi. Tangu azungumze na baba yako mdogo kwenye simu amenuna. Nikimuuliza ananiambia, kamuulize huyo mzee wa Tanga."

Simu ikakatika, na nilipopiga haikupatikana tena. Baba mdogo aliapa kwamba walizungumza vizuri kabisa, na tena alitumia maneno ya heshima. Tukafikiri labda ni dini. Lakini wao Wakatoliki, sisi Waanglikana, na hilo lilikwisha kuzungumzwa. Labda ni umbali. Hatukujua.

"Kesho tunakwenda," baba mdogo alisema. "Mtu hakataliwi kwa mtandao mbovu."

Kigoma hadi Kasulu

Basi lilitoka asubuhi, nalo likapanda. Mimi nilizoea kwamba ukisema Kigoma umesema ziwa. Kumbe ziwa unaliacha mgongoni, unapanda vilima, unapanda tena, na hewa inakuwa ya baridi na miti inabadilika. Vazi langu la mpira nilikuwa nimelivaa tena chini ya shati, safari hii kwa hiari yangu.

Njiani kulikuwa na kizuizi. Afande mmoja kijana akaingia ndani, akawa anawauliza abiria mmoja mmoja: unatoka wapi, unakwenda wapi, unafanya kazi gani. Wengine aliwauliza mara mbili. Alipotufikia, baba mdogo ndiye aliyejibu, kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Mimi mwalimu mstaafu, kwetu Muheza. Safari hii ni msaidizi wa huyu kijana."

"Na yeye?"

"Yeye ni mzamiaji."

Abiria wa mbele wakageuka kututazama.

"Umesema nani?"

"Mzamiaji, afande. Tena hodari. Amezamia Tanga, amezamia Dar es Salaam, Mtwara pia."

"Shukeni," afande alisema. "Na mzigo wenu."

Tukashuka. Pembeni ya barabara kulikuwa na kibanda cha turubai, na chini yake mzee mmoja amekaa kwenye gogo pamoja na mama na watoto wawili. Hawakuwa na mzigo mkubwa, mfuko tu wa nguo na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Afande alituketisha upande wa pili.

"Ulizamia lini?" aliniuliza.

"Mara ya mwisho, mwezi uliopita."

"Ukitokea wapi?"

"Gatini."

"Kwa boti?"

"Hapana, chini ya boti."

Akaweka kalamu mezani. "Chini ya boti ulijificha vipi?"

"Sikujificha, afande. Nilikuwa nasugua."

Alinitazama, akamtazama baba mdogo, akaona hakuna kati yetu anayecheka. Akasema fungueni begi. Nilitoa miwani, nikatoa kifaa cha kupumulia na mipira yake minne inayoning'inia kama pweza, nikatoa pezi. Ilipofika zamu ya mkanda nilimwahi baba mdogo, nikasema, "Huu ni uzito." Afande akaigusa miwani kwa kidole. Ndipo uso ukamlegea.

"Kumbe wewe ni mpiga mbizi!"

"Mpiga mbizi ni mtoto anayecheza mtoni," baba mdogo alisema. "Mwenye kuifanya kazi ni mzamiaji. Kamusi yoyote itakuambia."

"Mzee wangu, kamusi iache Tanga. Huku mzamiaji ni mtu aliyeingia nchini kwa mlango wa uani. Siku hizi tunawatafuta hao. Ukilitamka ndani ya basi unajitia kitanzi, na unamtia na mwenzako."

Akatusaidia kufungasha. Dereva alikuwa bado anatusubiri, anapiga honi. Nilipokuwa nafunga zipu, yule mzee wa kwenye gogo akanisemesha. Kiswahili chake kilikuwa kama cha Godeliva, kile cha kupandisha maneno mwishoni.

"Wewe wametosheka na hayo macho ya kioo?"

"Ndiyo, mzee."

"Unatoka mbali?"

"Tanga. Baharini."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nimezaliwa nyuma ya kilima kile pale. Nasubiri mtu wa kijijini aje aseme kwamba ananijua. Wewe unatoka baharini, panda basi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata la kujibu. Nikapanda basi. Abiria walikuwa wamesogea kidogo kutoka kwenye viti vyetu, isipokuwa mama mmoja aliyetupa karanga za kuchemsha, akasema, "Kuleni, mmeogopa."

Kasulu

Kasulu tulibadilisha basi, tukawa na muda wa kunywa chai. Baba mdogo hakugusa chapati yake. Mimi nilidhani bado anakiwaza kizuizi.

"Elisha, mwanangu," alisema baadaye, "nadhani nimejua mkwe amekasirikia nini."

"Nini?"

"Kwenye simu aliniuliza kijana wetu anafanya kazi gani. Nikamwambia ni mzamiaji."

Nikaweka kikombe chini.

"Halafu nikaongeza," akaendelea, "nikamwambia, nanyi watu wa huko hamna haja ya kuelezwa, mambo ya kuzamia mnayajua kuliko sisi."

"Watu wa huko gani, baba mdogo?"

"Si watu wa ziwani?"

"Kibondo hakuna ziwa."

"Si mkoa wa Kigoma?"

Nilishindwa hata kumcheka. Nilikuwa nakumbuka kitu ambacho Godeliva aliniambia siku moja Tanga, tukila machungwa, kwa namna ya kupita tu: kwamba baba yake aliingia Tanzania akitokea Burundi, mtoto mdogo amebebwa mgongoni, na kwamba aliishi miaka mingi kabla ya kupata uraia. Nikamweleza baba mdogo.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Sikuona kama ni jambo la kuambiana."

"Lingekuwa la kuniambia mimi, mtu wa maneno mengi." Akaisogeza chapati kwangu. "Ameona nimemtukana. Ameona tumechunguza asili yake, tukampigia simu kumcheka."

Nikasema tumpigie sasa hivi tumweleze. Baba mdogo akakataa.

"Hili limeharibiwa na simu. Simu tena hapana."

Kasulu hadi Kumsenga

Kutoka Kasulu kwenda Kibondo ni vumbi jekundu. Kiti cha mbele alikaa askari mwenye bunduki, kwa ajili ya usalama wa njiani, na kila gari lilipoyumba mtutu wake uligonga kioo. Baba mdogo alishika rozari ya jirani yake bila kujua, mwenyewe akamwachia. Migomba, mihogo, vilima, tena migomba. Nilikuwa nafikiria niseme nini nikifika, na kila sentensi niliyoitunga ilikuwa na neno kuzamia ndani yake.

Godeliva alitupokea kituoni Kibondo. Alimpigia goti baba mdogo, mimi akanishika mkono tu kwa kuwa watu walikuwa wengi. Tulipomweleza alichodhani baba yake, alisema, "Sasa naelewa kwa nini juzi alifunga mlango mchana."

Tukachukua pikipiki za kwenda Kumsenga. Mwenye pikipiki aliponyanyua begi letu aliguna. "Mzee, humu mmebeba mawe?"

"Ris—" baba mdogo alianza, akajirudi. "Vyuma."

Kumsenga

Mzee Melkiori, baba yake Godeliva, alikuwa kibarazani anachagua mbegu za maharage kwenye ungo. Ni mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa. Hakusimama. Mama mkwe ndiye aliyetoka na viti, akatuambia "mwakeye", nami nikaitikia kwa salamu niliyofundishwa na binti yake, vibaya.

Baba mdogo hakukaa kwenye kiti. Alikaa kwenye ukingo wa kibaraza, chini kuliko mwenyeji wake.

"Mzee mwenzangu," alisema, "kabla ya neno lolote, nimekuja kuomba radhi. Nilisema neno sikujua lina sura mbili. Na nilisema ninyi ni watu wa ziwani, kumbe ninyi ni watu wa milimani. Mimi ni mjinga wa mkoa huu."

"Watu wa ziwani?" Mzee Melkiori aliinua macho kutoka kwenye ungo.

"Nilidhani Kibondo iko ufukweni."

Ungo ukatua chini.

"Nikueleze nilichosikia," alisema. "Mimi nchi hii niliingia mgongoni mwa mama. Nimelima hapa, nimeoa hapa, nimezika wazazi wangu hapa. Jina hilo la mzamiaji nimeitwa sokoni, nimeitwa kisimani. Nilipoapishwa uraia nilifikiri limekwisha. Halafu simu inalia, mtu mwenye Kiswahili kizuri ananiambia, mwanetu ni mzamiaji, nanyi mnayajua mambo hayo kuliko sisi." Akajifuta vumbi la maharage mikononi. "Nikajiuliza, hawa wananicheka, au wananiletea mtu wa kumficha? Na huku magari ya msako yanapita. Nikafunga mlango."

"Hukuniambia, baba," Godeliva alisema.

"Ningekuambia nini? Kwamba naogopa nyumbani kwangu?"

Mama mkwe alisema kitu kwa Kiha, kifupi, na mzee akaitikia "ego", yaani ndiyo. Kisha akanigeukia mimi kwa mara ya kwanza.

"Nionyeshe hiyo kazi."

Nikafungua begi. Halua ilikuwa imebanwa na risasi ikawa bapa kama chapati, na ilipoonjwa mama mkwe alisema kwa adabu kwamba ni tamu ila ina harufu ya raba. Nikatoa vifaa, nikavitaja kimoja kimoja. Mzee aliweka kifaa cha kupumulia mdomoni, akavuta, hakikutoa kitu.

"Hakina pumzi?"

"Pumzi iko kwenye mtungi. Mtungi uko Kigoma."

"Na kiatu cha pili?"

"Kiko Dar es Salaam."

"Na zawadi za mama yake?"

"Nazo ziko Dar es Salaam, mzee. Kilo zilikataa."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama ng'ombe aliyenunuliwa bila kuchunguzwa meno. "Yaani pumzi yako iko mahali pengine, mguu wako mahali pengine, na wewe umekuja kuoa."

Godeliva aliziba mdomo. Mzee hakucheka.

"Ukiwa chini kule, nani anajua uko hai?"

"Nafungwa kamba. Aliye juu anaishika. Akivuta mara moja ananiuliza kama niko salama, nami navuta moja kumjibu. Akivuta mara nne, nipande."

"Na anayeishika ni nani?"

Nikamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama maharage.

"Kwa karatasi ni mimi," alisema. "Kwa kweli sijawahi."

Mzee Melkiori aliuokota ungo, akaendelea kuchagua. Alichagua hadi tukadhani tumesahauliwa. Kuku alipikwa, tukala, jua likashuka nyuma ya migomba, neno letu la posa likiwa bado kooni mwa baba mdogo. Ndipo mzee akasema hatampa binti yake mtu ambaye hajamwona akirudi kutoka huko aendako. Keshokutwa angeshuka nasi Kigoma.

Kurudi ziwani

Tulipokaribia kile kizuizi, mzee alikuwa amekaa dirishani. Afande aliyeingia alikuwa yuleyule. Alituona, akapaza sauti ya utani, "Mzamiaji wa Tanga, umerudi!"

Mkono wa Mzee Melkiori ulikwenda kifuani, kwenye mfuko wa shati alimoweka karatasi yake ya uraia, ukabaki hapo. Afande hakumuuliza kitu. Alituaga, akashuka, basi likaondoka, tukapita vilima viwili vitatu, na mkono ulikuwa bado hapohapo. Baba mdogo aliuona. Tangu hapo hakulitamka tena neno lile, hata Bwana Rajabu alipotupokea aliambiwa huyu ni fundi wa chini ya maji.

Begi la pili lilikuwa limefika kweli, na kesho yake asubuhi tukashuka nalo gatini. Mzee alipokea blanketi la mkewe, akalikunja upya kwa namna yake, akaliweka mbali na maji. Kisha akasimama gatini na kusema, "Kamba iko wapi?"

Nilimwonyesha alama mara mbili. Nikazama.

Maji ya Tanganyika si kama yetu. Hayana chumvi, hayakuinui, na risasi niliyoibeba kwa taabu yote ile ilikuwa nyingi mno. Nusu niliiacha juu. Chini kulikuwa na mwanga wa kijani na samaki wadogo wenye mistari waliokuja kunitazama usoni. Nilianza kukagua ekseli ya pangaboi, yale mapanga yanayoisukuma boti. Kamba ikavutwa mara moja. Nikajibu. Nikashika brashi. Ikavutwa tena. Nikajibu. Sikuwa nimefikisha pumzi kumi ikavutwa tena. Nilidhani sikueleza vizuri. Sijui kama mmewahi kufanya kazi huku mtu anakuuliza kila dakika kama u hai.

Kisha niliingia mahali pembamba nyuma ya ubao wa usukani, mikono yote miwili ikiwa na kazi. Kamba ikavutwa, sikuweza kujibu. Ikavutwa tena. Tena. Na tena. Jumla mara nne. Nikaacha kila kitu nikapanda mbio kadiri inavyoruhusiwa, nikatoa kichwa majini.

"Kuna nini?" niliuliza.

"Hukujibu," Mzee Melkiori alisema. Alikuwa amepiga magoti ukingoni, amelowa hadi kifuani.

"Nilikuwa na kazi mikononi."

"Basi rudi. Lakini unijibu."

Nilirudi. Nikawa naacha kazi kila mara namjibu, na kazi ya asubuhi ikaenda hadi mchana. Bwana Rajabu aliniambia baadaye kwamba alimwona mzee amejiviringishia kamba kiganjani hadi imemkata, akataka kumpokea kamba. Mzee hakugeuza hata uso kutoka kwenye maji. Alimwambia amshikie kofia tu.

Nilipopanda mara ya mwisho walinivuta gatini nikiwa hoi, natiririka maji. Baba mdogo aliona huu ndio wakati. Alikuwa amevaa koti lake, amefunga vifungo vyote, akasogea mbele ya mkwe, akakohoa.

"Mzee Melkiori," alianza, "ugeni wetu kutoka Tanga ulikuja na neno, na neno hilo hadi sasa—"

"Subiri kwanza, mwalimu," mzee alisema. Alikuwa ameinama kifuani kwangu, anahangaika na kamba. "Nimfungue mwanetu."

Baba mdogo akafungua kifungo kimoja cha koti. Fundo lilikuwa limelowa, na mzee hakuwa na haraka.